Mwongozo kamili: kupanga laini ya kushona mashati ya shule ili yatoke 150 kwa siku

Malalamiko ya wenye karakana za ushonaji yanafanana. Oda ya shule imeshikwa, Januari inakaribia, vyerehani vimeongezwa, mafundi wameongezwa, lakini jioni ukihesabu mashati ni yaleyale ya mwezi uliopita. Kilichoongezeka ni marundo sakafuni na bili ya umeme.

Kosa ni kununua cherehani kabla ya kupima kazi. Laini, yaani mstari wa vituo ambamo kila fundi hushona sehemu yake na kupitisha mbele, haifuati kasi ya fundi wako hodari. Inafuata kasi ya kituo kimoja kilichoachwa nyuma na vingine vyote, na fundi utakayemuongeza mahali pengine atakuongezea marundo tu.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho: shati jeupe la mikono mifupi, kola yenye ukanda wa shingo, mfuko mmoja kifuani. Oda ni mashati 3,000, muda ni siku 20 za kazi. Sekunde nitakazotaja ni za mfano. Za kwako utazipata Hatua ya 3, na usiniamini mimi kuliko saa yako.

## Vinavyohitajika

Mashine
- Vyerehani 8 vya kiwanda vya mshono wa kawaida (7 vya kazi, 1 cha akiba)
- Overloki 2 (mashine za kukata na kufunga kingo za kitambaa zisichanike nyuzi)
- Mashine 1 ya matundu ya vifungo na 1 ya kubandika vifungo
- Mashine ya umeme ya kukatia kitambaa, na meza ndefu iliyonyooka
- Pasi 2 nzito

Watu 15
- Mafundi 9 wa vituo na fundi kiraka 1 (wa kuziba mapengo, tazama Hatua ya 4)
- Mkataji 1
- Mtu wa pasi ya kati 1 (anapiga pasi vipande kama kola kabla shati halijakamilika)
- Mkaguzi 1
- Wawili wa pasi ya mwisho, kukunja na kufunga

Vitu vidogo ambavyo husahaulika
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde
- Ubao mweupe na kalamu zake
- Vipande vya kadibodi ngumu vya kuchongea vielelezo (maumbo ya kufuatia unapokata au kukagua)
- Makasha ya plastiki ya kubebea mabunda
- Sindano za akiba, namba 11 hadi 14 kwa kitambaa chepesi cha shati
- Bobini za kutosha, angalau tano kwa kila cherehani
- Taa juu ya kila cherehani

Hilo la mwisho si pambo. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe hauonekani vizuri kwenye banda lenye taa moja ya katikati, na fundi asiyeona mshono wake hupunguza kasi bila mwenyewe kujua.

## Hatua ya 1: Tafuta mwendo wa laini

Gawa muda wa kazi wa siku kwa idadi ya mashati unayotaka.

Mashati 3,000 kwa siku 20 ni mashati 150 kwa siku. Siku ina saa 8 za kazi bila kuhesabu chakula, yaani dakika 480. Toa dakika 30 za kuwasha mashine, kufagia na kwenda msalani. Zinabaki dakika 450.

Dakika 450 gawa kwa 150 ni dakika 3, au sekunde 180. Huo ndio mwendo wako: kila sekunde 180 shati moja lazima litoke mwisho wa laini. Kwa saa ni mashati 20.

Andika namba hizo mbili, 180 na 20, ubaoni kwa herufi kubwa. Kila uamuzi unaofuata utarudi hapo.

Tahadhari: usiongeze saa ili hesabu ikubali. Kwa Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Oda inayotegemea saa za ziada tangu siku ya kwanza tayari ina hasara. Jumamosi iache iwe akiba ya siku umeme utakapokatika.

## Hatua ya 2: Shona shati moja na uandike kila kazi

Mpe fundi mmoja mzuri ashone shati zima huku wewe umekaa pembeni na karatasi. Kila anapobadilisha mshono, cherehani au kipande anachoshika, andika mstari mpya.

Kwa shati letu utapata kazi 13:

1. Kukunja mdomo wa mfuko na kuubandika
2. Kuandaa kola: kushona, kugeuza, kupitisha mshono wa juu
3. Mkunjo wa mbele wa vifungo, kulia na kushoto
4. Pindo la mikono
5. Kuunganisha mgongo na kipande chake cha juu
6. Kuunganisha mabega
7. Kushona ukanda wa shingo kwenye kola
8. Kupachika kola kwenye shati
9. Kuweka mikono
10. Kufunga ubavu
11. Pindo la chini
12. Matundu ya vifungo
13. Kubandika vifungo

Angalia namba 4. Pindo la mikono linashonwa mkono ukiwa bado bapa, kabla haujawekwa kwenye shati. Fundi aliyezoea kushona nguo ya mteja mmoja mmoja huliacha la mwisho, kisha anahangaika kuzungusha kijimkono kidogo cha mtoto chini ya mguu wa cherehani.

Umefaulu kama: mtu mwingine anaweza kushona shati kwa kufuata orodha yako bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 3: Pima sekunde, tena kwa adabu

Hapa ndipo wengi huharibu. Bosi anasimama nyuma ya fundi na saa mkononi, fundi anahisi anatafutiwa sababu ya kufukuzwa, anapunguza mwendo, na vipimo vyote vinakuwa uongo. Waambie wote mapema: kinachopimwa ni kazi, na lengo ni kujua nani amebebeshwa mzigo kupita wenzake. Halafu timiza ahadi hiyo.

Pima hivi:

- Anza kuhesabu fundi anapookota kipande, simamisha anapookota kinachofuata. Kuokota na kuweka ni sehemu ya kazi.
- Pima mara 10 kwa kila kazi.
- Uzi ukikatika au akiitwa pembeni, futa kipimo hicho, lakini andika kando kilichotokea.
- Chukua wastani.
- Usipime fundi mwepesi peke yake. Pima yule atakayefanya kazi hiyo kila siku.

Tuseme matokeo ni haya: mfuko sekunde 145, kola 165, mkunjo wa mbele 95, pindo la mikono 70, mgongo 90, mabega 75, ukanda wa shingo 105, kupachika kola 240, kuweka mikono 145, ubavu 100, pindo la chini 70, matundu 90, vifungo 80.

Jumla ni sekunde 1,470. Gawa kwa mwendo wa 180, unapata 8.2. Maana yake huwezi kufika 150 kwa mafundi wanane hata wote wawe mabingwa. Unahitaji tisa.

Sasa tazama kupachika kola: sekunde 240. Ukiweka fundi mmoja hapo, siku nzima atatoa mashati 112. Basi. Unaweza kununua overloki tatu mpya na kuajiri watu sita, jioni utahesabu 112. Kola ya shati ndiyo inayobana karibu kila karakana ninayoijua, na ndiyo mwenye mali huifikia mwisho kwa sababu fundi wake haonekani mvivu. Anaonekana ndiye mwenye bidii kuliko wote, maana hana nafasi hata ya kuinua kichwa.

## Hatua ya 4: Gawa kazi ili pasiwe na anayezidi 180

Unganisha kazi ndogo zinazofuatana au zinazotumia mashine moja, na igawe kazi kubwa kwa watu wawili.

- Kituo 1: mfuko (145)
- Kituo 2: kuandaa kola (165)
- Kituo 3: mkunjo wa mbele na pindo la mikono (165)
- Kituo 4: mgongo na mabega (165)
- Kituo 5 na 6: ukanda wa shingo na kupachika kola. Mafundi wawili, kila mmoja anachukua shati lake na kumaliza kazi zote mbili (345, kwa wawili ni kama 173)
- Kituo 7: kuweka mikono, overloki (145)
- Kituo 8: ubavu kwa overloki kisha pindo la chini kwa cherehani cha kawaida, mashine mbili zimekaa ubavuni kwa fundi mmoja (170)
- Kituo 9: matundu na vifungo, mashine mbili, fundi mmoja (170)

Wa kumi ni fundi kiraka. Huyu hana kituo. Anaziba nafasi ya aliyekwenda msalani, anasaidia palipolundikana, anashona upya yaliyokosewa. Wenye karakana humfuta wa kwanza wanapopunguza gharama, eti "hana kazi maalumu". Mtoe uone: siku fundi mmoja asipofika, laini nzima inasimama.

Tahadhari: mafundi wako bora wawili waende 5 na 6, si kituo cha kwanza. Na mwenye mkono mzito mweke 1 au 7, penye nafasi ya kupumua.

## Hatua ya 5: Panga vyerehani kwa kufuata kazi

Overloki zote kona moja karibu na soketi, vyerehani vya kawaida upande mwingine: ndivyo karakana nyingi zilivyo, na ndiyo maana kutwa kuna watu wanatembea na nguo mabegani.

Mashine ikae pale kazi yake inapofika, hata kama ni overloki peke yake katikati ya vyerehani. Panga safu mbili zinazotazamana, katikati meza nyembamba ya kupitishia makasha. Upande mmoja kaa vituo vya maandalizi, 1 hadi 4. Upande wa pili 5 hadi 9. Kola inayotoka kituo cha 2 na mwili wa shati unaotoka kituo cha 4 vikutane mbele ya 5 na 6. Kola ikichelewa kufika hapo, mashati yatalala yakiisubiri.

Fundi aweze kuchukua kazi kwa mkono wa kushoto na kuisukuma mbele bila kusimama.

Umeme: nyaya zipite juu, zikishuka kwa kila mashine. Nyaya za kuunganisha sakafuni, penye vumbi la nyuzi na watu wanaopita, ni ajali inayosubiri siku yake. Milango ya kutokea isizibwe na mabunda ya kitambaa, na isifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani. Kizima moto kining'inie karibu na meza ya pasi.

Kama vyerehani vyako vina mota za zamani zinazonguruma muda wote hata fundi akiwa amekaa tu, jua zinakula umeme muda huo wote. Mota za sevo huzunguka pale mguu unapokanyaga. Lakini hilo ni la baadaye, halitakuongezea shati hata moja kwa siku kama kola bado inabana.

## Hatua ya 6: Kata ya kesho na keshokutwa, si ya mwezi

Mkataji akikata oda nzima wiki ya kwanza, kosa moja la kielelezo linakuwa mashati 3,000. Kata ya siku mbili mbele, inatosha.

Kunjua jora na uliache litulie usiku kucha kabla ya kulitandika, maana kitambaa kilichovutwa kwenye jora hurudi na kupungua baada ya kukatwa. Ukipanga vielelezo vya mashati matatu kwa urefu mmoja wa meza, matabaka 50 ya kitambaa yaliyotandikwa moja juu ya jingine yanakupa mashati 150 ya siku.

Tandika bila kuvuta. Hakikisha kingo za upande mmoja zimelingana kama ukuta.

Baada ya kukata, toa kipande cha juu kabisa na cha chini kabisa, vilaze kimoja juu ya kingine. Vikitofautiana, kisu kiliinama. Rekebisha hapo hapo mezani, kwa sababu tofauti ya milimita chache kwenye shingo ndiyo inayomfanya fundi wa kola aanze kuvuta na kukunja ili ifike, na sekunde 240 zinakuwa 300.

Bandika namba ya tabaka kwenye kila kipande. Nyeupe nayo ina rangi zake: mkono wa jora moja ukishonwa kwenye mwili wa jora jingine, shati likifuliwa mara mbili linaonekana kama limetiwa kiraka.

## Hatua ya 7: Mabunda ya kumi kumi

Funga vipande vya mashati 10 pamoja, saizi moja, na karatasi ndogo yenye namba ya bunda, saizi na namba za tabaka.

Kwa nini 10 na si 30? Piga hesabu. Vituo 9, kila kimoja kina bunda moja linaloshonwa na moja linalosubiri. Kwa mabunda ya 10 una mashati 180 ndani ya laini, kazi ya siku moja na kidogo. Kwa mabunda ya 30 una 540, kazi ya siku tatu na nusu. Fundi wa kola akikosea leo asubuhi, kwa mabunda ya 30 mkaguzi anaweza kuligundua kosa keshokutwa, wakati mengine mengi yameshapita.

Kanuni ni moja: bunda moja mkononi, moja kwenye kasha la kusubiri. Kasha la mbele likijaa, fundi anasimama na kumsaidia aliye mbele yake. Haruhusiwi kuendelea kulundika. Itakuuma kumwona amesimama, vumilia, maana umeshaliona tatizo lilipo bila kumuuliza mtu.

## Hatua ya 8: Kagua ndani ya laini

Mkaguzi akikaa mwisho tu, anahesabu hasara, haizuii. Weka vituo viwili vya ukaguzi wa haraka.

Kabla ya kuweka mikono. Kunja shati katikati, ncha mbili za kola zikutane. Zikipishana zaidi ya milimita 3, rudisha. Angalia mfuko kwa kielelezo cha kadibodi, usiangalie kwa jicho.

Kabla ya matundu ya vifungo. Tundu likishakatwa kitambaa hakirudi. Kutanisha pande mbili za mbele, pindo la chini la kulia na la kushoto vilingane.

Nafasi ya mishono iwe 10 hadi 12 kwa inchi. Fundi anayetaka kukimbia hurefusha mshono, nguo inapendeza siku ya kukabidhi na kufumuka ubavuni mtoto anapocheza mpira.

Kuhusu sindano: ikivunjika, kazi inasimama mpaka vipande vyote vipatikane. Vibandike kwa selotepu kwenye daftari, viunganishwe viwe sindano kamili, ndipo fundi apewe mpya. Ncha isipoonekana, bunda zima linapitiwa kwa sumaku na kwa mkono. Hii ni nguo ya mtoto wa darasa la kwanza, hapa hakuna kulegeza.

## Hatua ya 9: Washa laini, na usitegemee 150 siku ya kwanza

Asubuhi ya kwanza vituo vya mwisho havina kitu cha kushona. Usiwaketishe bure. Siku moja kabla, vituo vya maandalizi viandae kola, mifuko na mikono ya kutosha nusu siku, ili 5 na 6 waanze mara tu mashine zinapowashwa.

Kisha ubao. Mistari minane, kila saa mstari mmoja, safu tatu: lengo, yaliyotoka, sababu.

Safu ya sababu ndiyo yenye mali. "Saa 4 hadi 5, lengo 20, yametoka 13, bobini za kituo cha 3 ziliisha." Hiyo ni taarifa unayoweza kuifanyia kazi kabla ya chakula cha mchana. "Mafundi wavivu" haimsaidii mtu.

Siku za mwanzo utaona 9, 11, 12 kwa saa. Ni kawaida, mikono inajifunza kazi ndogo mpya. Ukiona wiki ya pili bado ni 12, rudi Hatua ya 3 upime upya. Mara nyingi utakuta kituo kinachobana kimehama: kola imetulia, sasa ni ubavu, au ni mtu wa pasi ya kati anayechelewesha kola.

Umefaulu kama: mashati 18 hadi 20 yanatoka kila saa, makasha ya kusubiri hayajai wala hayakauki, na unaweza kutoka nusu saa kwenda benki ukarudi ukakuta ubao umejazwa.

## Hatua ya 10: Rekebisha malipo, la sivyo laini itavunjika

Kulipa kwa kipande kulifaa wakati kila fundi alishona shati zima. Kwenye laini kunaua. Fundi wa mifuko atashona mifuko 250 alipwe, ailundike, ashike simu yake, wakati kola inazama mbele ya macho yake.

Lipa mshahara wa siku, kisha ongeza bonasi ya timu nzima kwa mashati yaliyopita ukaguzi wa mwisho, siyo yaliyoshonwa. Fundi wa mfuko ataanza mwenyewe kuuliza kwa nini kola haziendi. Wa vituo vya 5 na 6 wape kidogo zaidi, kazi yao ni ngumu na wengine wote wanalijua hilo.

## Oda inayofuata

Usitupe karatasi ya sekunde. Oda ikija ya mashati ya mikono mirefu, unaongeza mistari ya pingu za mkono (ukanda wa kifundoni wenye kifungo) na mpasuko wake, unajumlisha, unagawa kwa mwendo, na unajua kabla ya kutaja bei kama unahitaji mafundi 9 au 12. Ndipo unapokwenda kununua cherehani, ukijua kitakaa kituo gani na nani atakikalia.

Kama bado unakodi chumba kimoja mjini na safu mbili hazienei, ulizia mabanda ya SIDO, shirika la serikali ya Tanzania la kuendeleza viwanda vidogo, mkoani kwako kabla ya kubomoa ukuta wa mwenye nyumba.